Siku Ruzizi Iliporudi Nyuma

Saa ile haikuwa mbovu hata kidogo, na hilo ndilo lililonikasirisha.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu ya ufundi kando ya barabara, Mulongwe, na kila mtu mwenye akili alidhani niko nyumbani najipamba. Saa nane mchana, siku hiyohiyo, ukoo wa André ulikuwa unakuja kwa baba yangu, papa Basile, kuleta pombe ya kuniomba. Nywele nilishasuka tangu jana. Nguo ilishapigwa pasi. Kilichobaki ni kuketi uani nitazamwe na majirani, na mimi kutazamwa sijui. Mimi najua kutazama. Ndiyo kazi aliyonifundisha papa Basile tangu nina miaka kumi na miwili: fumba jicho moja, weka lupe, kile kioo cha kukuzia, kwenye lingine, nyamaza, kitu kitakuambia chenyewe.

Délice akaja akasimama mbele yangu na mfuko mdogo wa ngozi mkononi. Délice huyu ni dada mdogo wa Térence, na tangu kaka yake aondoke, miaka minne sasa, alikuwa akipita upande wa pili wa barabara ili macho yetu yasikutane.

"Yaya Honorine," akasema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "niko na saa. Imesimama."

"Ya nani?"

"Ya muntu."

"Muntu gani, Délice? Saa haiko na mwenyewe?"

"Weye itazame tu, yaya."

Nikaitoa. Mungu wangu! Mimi maisha yangu ni saa za betri, hizi za Kichina zinazouzwa juu ya turubai, nabadilisha betri, nabadilisha mkanda, basi. Saa za kujaza, zile za kuzungusha kifungo kwa mkono, napata moja kwa mwezi, ya muzee fulani aliyeachiwa na baba yake. Hii ilikuwa nzito kama jiwe la mtoni, ya chuma cheupe, na mgongo wake wa kioo, unaona magurudumu yote yamelala humo, safi, hayana hata punje ya vumbi. Mikono ya saa ilisimama kwenye saa nane kamili. Nikatazama ubavuni. Kile kifungo cha kujazia kilikuwa kimevutwa nje. Ukikivuta, saa inasimama. Ukikisukuma, inatembea. Hakuna ufundi hapo.

"Hii saa haina ugonjwa," nikamwambia. "Muntu amevuta kifungo. Juu ya nini unanipotezea muda siku ya leo?"

"Uso wake umeuona?"

Nilikuwa sijauona. Fundi hukimbilia magurudumu, uso anawaachia wenye kununua. Nikafuta lupe kwa kitambaa, nikainama.

Uso ule haukuzidi kizibo cha chupa ya bia ya Primus, lakini ulikuwa umechorwa dunia nzima. Upande wa kulia meli ya zamani ya milingoti mitatu, matanga yamejaa upepo, na kwenye kila tanga mishono imehesabiwa mmoja mmoja. Chini ya meli samaki mwenye meno, kama wale ambao wachora ramani wa kale waliwaweka mahali wasipopajua. Katikati dira ya ncha nane. Na upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini, ziwa refu jembamba na milima huku na huku. Sikuhitaji kusoma jina. Aliyezaliwa Uvira analijua ziwa lake hata likichorwa juu ya punje ya mchele.

Nikafuata ufuko kwa jicho, taratibu, nikapanda mpaka kaskazini, kule mto Ruzizi unakoingilia ukishuka kutoka ziwa Kivu. Hapo nikakuta mishale mitatu midogo ya dhahabu ndani ya mto. Nikaangalia tena. Nikaondoa lupe, nikaipumulia, nikaifuta, nikaangalia mara ya tatu. Halafu nikacheka peke yangu.

"Délice! Nani amechora huu ujinga? Ruzizi inatoka mu ziwa, inapanda Kivu! Huyu muntu alikunywa nini?"

Délice hakucheka. "Endelea kutazama, yaya."

Nikarudi. Kwa kuwa sasa nilishajua kuna kosa, nikatafuta lingine. Chini kidogo ya mdomo wa mto palikuwa na mji, vipaa vyekundu vya mabati, na barabara. Kando ya barabara palikuwa na mwavuli mwekundu, na kwenye ubavu mmoja wa mwavuli, kiraka cha bluu.

Nikaondoa lupe jichoni. Nikanyanyua kichwa. Juu yangu ulikuwa mwavuli wangu mwekundu. Ubavuni, kiraka cha kitenge cha bluu cha mama, nilichokishona mwenyewe siku upepo wa ziwa ulipouchana. Aliyenishikia uzi siku hiyo alikuwa Térence.

Chini ya ule mwavuli mdogo kulikuwa na mwanamke mwenye urefu wa chembe ya chumvi, na jichoni mwake kitu kinang'aa.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Nani, yaya?"

"Délice, usinichezee. Kaka yako iko wapi?"

"Iko ku ziwa, nyuma ya soko. Amesema hawezi kukanyaga hapa."

"Juu ya nini hawezi? Meza yangu inauma?"

"Hilo umuulize yeye."

Nikafunga droo kwa kufuli, nikaifumbata saa kiganjani, nikaenda. Sikukimbia. Ila Délice aliniambia baadaye kwamba alishindwa kunifuata.

Ngoja niwaambie Térence ni nani, ili msinione mwehu. Térence Niyongabo ni mtoto wa Runingu, kule katika tambarare ya Ruzizi. Alikuja mjini na brashi tano na baiskeli, akawa anachora majina ya mitumbwi na mabango ya maduka. Alipochora simba, wateja waliogopa kuingia dukani. Tulipendana miaka miwili, hapohapo chini ya mwavuli, mimi nikifungua saa na yeye akiuliza kila gurudumu linaitwaje. Halafu mapadre wakamtafutia nafasi ya kwenda kujifunza uchoraji Ulaya. Tulijua ataondoka. Sikujua kwamba ataondoka bila kuniaga. Siku moja hakuja, na ya pili hakuja, na ya tatu papa akaniambia, "Amesafiri. Wachoraji njo vile walivyo." Nililia hadi mama akaficha vitambaa vya mkono. Halafu nikaacha. André alipokuja mwaka jana kuniuliza kama namtaka, André mwenye kazi yake nzuri ya karatasi za forodha pale mpakani, Kavimvira, nikajibu kama papa anavyotaka. André ni muntu mzuri. Ubaya wake ni mmoja tu, na sikuwa nimeutamka hata ndani ya sala zangu.

Nilimkuta Térence amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, amevaa koti zito la kizungu, jua limempiga, jasho linamtiririka. Aliponiona akasimama. Akataka kucheka, akashindwa. Tukatazamana. Miaka minne nilikuwa nimejitungia maneno ya kumwambia siku hiyo, maneno makali, yamepangwa kama misumari, na yote yakanitoka.

"Vua hilo koti," nikamwambia, "utakufa."

Akalivua. Alikuwa amekonda, na karibu na sikio alikuwa na mvi tatu ambazo sikuzijua.

"Honorine."

"Usiniite. Niko na hasira."

"Najua."

"Haujui. Miaka mine, Térence! Mine! Hata neno moja la simu. Mbwa akihama nyumba anabweka."

"Najua."

"Sema tena 'najua' nikusukume mu maji." Nikafungua kiganja. "Lakini kwanza niambie. Hii bluu ya ziwa umeipata wapi? Haiko rangi ya mafuta. Nimeisugua kwa ukucha, haikwaruziki."

Hapo akacheka, na mimi nikajichukia, maana ule mcheko niliukumbuka wote. Hasira ilikuwa imenishika kweli, naapa, lakini hamu ya kujua ilinishika zaidi, ndivyo nilivyozaliwa.

"Ni kioo," akasema. "Unasaga kioo kinakuwa unga, unachanganya na rangi, unapaka kwa brashi ya unywele mbili, tatu. Kisha unachoma mu tanuru, moto mukali sana. Unatoa, unapaka tena, unachoma tena. Ile bluu nimeichoma mara tisa."

"Mara tisa! Na ikipasuka?"

"Unalia, unaanza upya."

"Na meli? Weye bahari uliiona wapi?"

"Sijaiona mpaka leo. Kule Uswisi hakuna bahari. Nyumba ya kutengeneza saa ninakofanya kazi iliamua kutoa saa za safari za kale: wale wavumbuzi walioenda na meli, ramani zao, visiwa vyao, na makosa yao. Kila saa safari moja. Wenzangu walichukua bahari kubwa. Ya mwisho ilibaki, bosi akasema ni bahari ya ndani ya Afrika, hakuna muntu anaijua. Nikanyoosha mukono kama mutoto wa shule."

"Na mwavuli wangu? Bosi wako alikubali?"

"Bosi alihesabu milingoti ya meli. Miavuli hakuhesabu."

Nilibana mdomo nisicheke. Nikaweka lupe tena, palepale mchangani.

"Na mto? Weye mutoto wa Ruzizi, umekunywa maji yake, umeoga humo. Ukachora inapanda?"

Uso wake ukabadilika. Akaketi, akapapasa mtumbwi ili niketi kando yake. Sikuketi.

"Kulikuwa na Wazungu wa zamani walioamini vile," akasema. "Kabla ya kufika kule juu na kuona kwa macho, waliandika ku ramani kwamba Ruzizi inatoka mu ziwa. Nilikuta hiyo ramani mu vitabu vya bosi. Kulikuwa na ramani zingine, sahihi. Hii njo nilichagua."

"Juu ya nini?"

"Juu ya papa yako."

Sikuelewa. Akanieleza, polepole, akitazama maji.

Wiki aliyosafiri, Térence alienda kumwona papa. Alienda peke yake, bila mjomba, bila pombe, jambo ambalo kwetu ni kama kuingia kanisani bila viatu. Akasema: muzee, nakwenda, ila nataka nimwache Honorine akiwa na neno langu. Papa alikuwa anafungua saa. Hakunyanyua hata kichwa. Akasema, siku Ruzizi itatoka mu ziwa na kurudi Kivu, siku hiyo muchoraji wa mabango ataoa binti yangu. Na mpaka siku hiyo, usikanyage ku meza yake, usimupigie, usimwandikie. Uape. Na Térence, kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye kiburi, amekasirika, akaapa.

"Uliapa," nikasema.

"Niliapa."

"Na haukukuja kuniambia."

"Ningekuja, ningevunja kiapo."

Basi. Hapo ile misumari yote niliyoipoteza ikarudi.

"Kwa hiyo mulikaa wawili, weye na papa, mukapatana juu yangu kama juu ya mufuko wa saruji! Mumoja anasema hauzwi, mwingine anasema sawa, nitarudi bei ikishuka! Na minye niko wapi? Minye labda nilikuwa mu jikoni napika chai, sijui kitu! Kuna muntu aliniuliza? Hata mumoja?"

"Hakuna," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Njo kosa langu, Honorine. Kila jioni nilikuwa nalitazama hilo kosa. Wakati Délice aliniambia André analeta pombe Jumamosi, nikaomba ruhusa, nikapanda ndege. Jana nilivuka Kavimvira. Nikasema: mto nimeugeuza. Kiapo kimekwisha. Lakini meza yako siikanyagi kabla ya kumuonyesha muzee."

"Na hii saa nane?"

"Njo saa André anafika. Nikavuta kifungo. Nikasema, labda fundi ataizuia isifike."

Mwanamume! Anaweza kukukosea miaka minne akakulainisha kwa sentensi moja. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, nikabaki nimesimama na viatu vyangu vya kuendea harusi za watu vikizama mchangani. Nilikuwa nampenda. Sikuwa nimeacha hata siku moja, na kule kujua kuliniuma kuliko miaka minne yote.

"Simama," nikamwambia. "Twende ku papa."

"Sasa hivi?"

"Unangoja nini, Ruzizi irudi tena?"

Nyumbani kwetu, Kimanga, uani kulikuwa na sufuria tatu motoni na harufu ya ndagala za kukaanga, wale dagaa wa ziwani. Mama alikuwa ameinama anapepeta mchele. Akanyanyua kichwa, akaniona, akamwona aliye nyuma yangu, ungo ukasimama.

"Yesu wangu," akasema. Halafu akaangalia uso wangu, akarudi kupepeta. "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Papa yako iko ndani anafunga tai."

Papa akatoka. Tai ilikuwa imefungwa nusu. Muzee Basile ana miaka sitini na nane, na mji mzima unamjua kwa jambo moja: neno lake. Mwaka wa mafuriko ya mto Kalimabenge alimwahidi padre saa ya kanisa siku ya Jumatano, na Jumatano alivuka maji ya kiuno, saa juu ya kichwa. Hajawahi kurudisha neno, hata lile baya.

"Niyongabo," akasema. "Uliniapia."

"Ndiyo, muzee. Nimekuja kukuonyesha mto."

Nikampa papa ile saa. Akaipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila saa, ya mkubwa au ya mchuuzi. Akaipima uzito. Akaona kifungo kimevutwa, akanitazama. Akachomoa lupe yake kwenye mfuko wa shati, maana papa hata akienda kuzikwa atazikwa nayo, akaketi kwenye kigoda, akainama.

Alitazama muda mrefu. Sufuria moja ikachemka, mama akaipunguzia moto. Térence alisimama wima, jasho likimshuka shingoni. Mimi nilijua jicho la papa liko wapi kwa jinsi kidevu chake kilivyosogea: sasa meli, sasa samaki, sasa dira.

"Hii milingoti, nani alichora?"

"Minye, muzee."

"Na hapa, karibu na saa tano, kuna unywele."

"Si unywele, muzee, ni ufa. Uliingia ku tanuru, mara ya mwisho. Ndiyo maana walikataa kuuza uso huu, wakaniachia. Mwingine mzima waliuuza."

"Juu ya nini haukuufunika na rangi? Ungepaka wimbi hapo, nani angejua?"

"Ufa ukiufunika, fundi wa kesho atalaumiwa juu yake."

Papa akaacha kupumua kidogo. Hilo neno ni lake. Alinifundisha mimi, chini ya mwavuli, na Térence alikuwa amekaa pembeni akisikiliza, wakati wote tukidhani anachora simba. Kidevu kikasogea tena, kikapanda kaskazini. Kikasimama.

"Huu mto unapanda."

"Ndiyo, muzee."

"Unatoka mu ziwa, unarudi Kivu."

"Ndiyo, muzee."

"Ni uongo."

"Ni uongo, muzee. Lakini uliandikwa ku ramani zaidi ya miaka mia iliyopita, na wakubwa wakauamini. Sikuongeza hata mushale mumoja. Weye ulisema siku Ruzizi itatoka mu ziwa. Haukusema ni wapi."

Papa akakohoa. Akakohoa tena. Ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka lupe ikamwangukia mapajani, na mama naye akashindwa, akajifunika uso kwa kanga.

Mimi sikucheka.

"Papa," nikasema, "ulinificha."

Kicheko kikakatika.

"Nililia mu hii nyumba miezi. Uliniona. Uliniambia wachoraji njo vile walivyo, na weye ulijua uliyemufunga mudomo ni weye."

Katika maisha yangu sikuwahi kuongea hivyo na papa mbele ya watu. Akaangalia mikono yake.

"Nilikuogopea," akasema, sauti ndogo. "Muntu wa brashi tano na baiskeli. Nikaona utakula rangi. Nilifikiri neno litamufukuza tu, atasahau, utasahau. Halafu neno likanishinda, sikuweza kulirudisha. Nimekosa, mwanangu. Nisamehe."

Nilitaka kuendelea kukasirika. Nikashindwa.

"Ahadi ni deni," papa akasema, akisimama. "Mto umerudi nyuma, nimeuona na lupe yangu mwenyewe. Lakini," akamtazama Térence kutoka kichwani hadi viatuni, "umekuja tena mikono mitupu! Mara ya pili! Haukujifunza kitu huko Ulaya? Pombe iko wapi? Mbele ya nini nitamuuliza mutoto?"

Kwetu baba hawezi kumuuliza binti kama anamtaka mwanamume bila pombe ya huyo mwanamume kuwekwa chini. Binti akisema kunyweni, wanakunywa, mambo yamekubaliwa. Akinyamaza, pombe inarudi ilikotoka. Bila chupa hakuna swali, na bila swali hakuna jibu. Térence alikuwa amekumbuka unga wa kioo, tanuru na mishale ya dhahabu, akasahau Primus.

"Nitakimbia kununua," akasema.

"Hapana," nikasema mimi. "Ngoja hapo."

Nikatoka barabarani. Njiani nikampigia André, maana hakunikosea kitu na hakustahili kusikia kwa mtu mwingine. Nilimwambia yote, bila kupaka wimbi juu ya ufa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Honorine," akasema mwishoni, "kila mara nilipokuuliza weye unataka nini, ulinijibu papa anataka nini. Nilikuwa nangoja siku utanijibu. Sikutaka iwe jibu hili." Akapumua. "Sawa. Nitawarudisha wazee. Weye usiogope."

Nikalia kidogo kwa ajili yake, nikajifuta, nikaingia kwa mama Noella mwenye depo ya vinywaji. Akaniona na nywele zangu mpya, siku yangu hiyo, naomba chupa moja.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Yako ya kunywa?"

"Yangu ya kuniomba."

Alinitazama kama kichaa kimenipanda kichwani. Akaniongezea na kifungulio cha chupa.

Nilipoingia uani, wote watatu walikuwa wamesimama palepale nilipowaacha. Nikaweka chupa chini mbele ya miguu ya papa.

"Hii nini tena?" akauliza.

"Pombe."

"Nani ameileta?"

"Minye."

"Honorine! Tangu babu zetu washuke kutoka milimani, mutoto mwanamuke hajawahi kununua pombe ya kuombwa yeye mwenyewe!"

"Na Ruzizi haijawahi kupanda, papa."

Mama akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akajiziba mdomo. Papa akatazama chupa, akatazama saa iliyokuwa bado mkononi mwake, akanirudishia. Akamaliza kufunga tai yake mpaka shingoni, akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. Térence hakunisogelea. Alinitazama tu, mikono imening'inia, na nikaona anaogopa. Miaka minne ya moto ule wote, na bado hakujua nitasema nini.

Nikashika kile kifungo cha pembeni kwa kidole na ukucha. Nikakisukuma ndani. Nikaipeleka saa sikioni, nikasikiliza mpaka nilipokuwa na uhakika.

"Honorine, mwanangu," papa akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, "huyu muntu amekuja. Niko nakuuliza weye, si mwingine. Tunywe?"

"Kunyweni, papa," nikamwambia. "Nimechagua ya baridi."